Elisabeth wa Thuringia: Mjane Aliyeuliza Chakula Kimetoka Wapi

Somo kwa kamati za sharika, vikundi vya akina mama na marafiki wa kazi ya diakonia

Katika somo la robo hii tunamtazama mwanamke aliyeishi miaka 24 tu, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba 1231 katika mji wa Marburg, Ujerumani. Ndugu zetu Wakatoliki humwita Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Wajerumani humwita Elisabeth wa Thuringia, kwa jina la nchi aliyoolewa.

Nilipolitaja somo hili kwa mara ya kwanza katika kikao cha kamati, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, tena kwa ukali kidogo: sisi Walutheri tuna shughuli gani na watakatifu wa Roma? Ni swali la haki. Jibu lake limo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21. Pale baba zetu wanafundisha kwamba ni vema kuwakumbuka watakatifu ili imani yetu iimarike na tujifunze kwa matendo yao, kila mtu katika wito wake. Wanachokataa ni kuwaomba. Na hata kwa historia tu huyu mama si mgeni kwetu. Ngome aliyokaa na mumewe, Wartburg, iliyo juu ya mji wa Eisenach, ndiyo ile ile alimofichwa Martin Luther mwaka 1521 na 1522 akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Luther mwenyewe alisoma shule Eisenach akiwa kijana, na watu wa mji ule walikuwa bado wakisimulia habari za Elisabeth.

Lakini sikumchagua kwa sababu ya Luther. Nimemchagua kwa sababu alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na shemeji yake alikuwa na nguvu kuliko yeye.

Binti aliyeletwa akiwa na miaka minne

Elisabeth alizaliwa mwaka 1207. Baba yake alikuwa Andrea wa Pili, mfalme wa Hungaria, na mama yake aliitwa Gertrude. Alipofikisha miaka minne aliposwa kwa mtoto wa mtawala wa Thuringia, akapelekwa huko ili alelewe na watu wa mume. Miaka miwili baadaye mama yake aliuawa na wakubwa wa nchi waliomchukia. Kwa hiyo tunasema juu ya mtoto aliyekulia ugenini, asiye na mama, katika nyumba ambayo haikuwa yake bado.

Aliolewa mwaka 1221 na Ludwig wa Nne. Bibi harusi alikuwa na miaka 14, bwana harusi 21. Sipendekezi umri huo kwa mtu yeyote, na wenzangu wa mradi wa kuwabakiza wasichana shuleni wasinielewe vibaya. Hata hivyo ndoa yenyewe ilikuwa njema kuliko ndoa nyingi za wakubwa wa wakati ule. Habari hizi tunazipata kwa wanawake wanne waliomtumikia, ambao baada ya kifo chake walihojiwa na maneno yao yakaandikwa. Wanasema alikuwa akikaa mezani kando ya mumewe, jambo ambalo halikuwa desturi ya mabibi wa ngome. Akisafiri mume, alivua mapambo. Akirudi, alimkimbilia mbele za watu.

Wanasimulia pia kisa cha kuchekesha. Elisabeth alikuwa na desturi ya kuamka usiku kusali, na alimwagiza mtumishi amwamshe kwa kumvuta mguu ili asimsumbue bwana. Usiku mmoja yule dada alivuta mguu usio wake. Ludwig aliamka, akaelewa mambo, akageuka akalala.

Watoto walikuwa watatu: Hermann mwaka 1222, Sophie mwaka 1224, na Gertrud mwaka 1227. Kila alipojifungua, siku za kukaa ndani zikiisha, alivaa nguo ya kawaida, akamchukua mtoto mikononi mwake mwenyewe, akashuka kwa miguu mitupu hadi kanisani kumshukuru Mungu. Wenzake wa cheo kile walikwenda na msafara na vito.

Mwaka wa njaa

Mwaka 1226 Thuringia ilipatwa na njaa kali. Ludwig hakuwepo, alikuwa Italia kwa shughuli za Kaisari Frederick wa Pili. Elisabeth, mwenye miaka 19, alifungua maghala ya mtawala akagawa nafaka kila siku. Aliuza mapambo yake. Chini ya ngome alifungua nyumba ya wagonjwa, kwa wale ambao hawakuwa na nguvu za kupanda kilima kupokea mgao, na yeye alishuka kwenda kuwahudumia. Maofisa walinung'unika, na Ludwig aliporudi walimshtaki mkewe kwamba anaimaliza mali. Jibu la mume lilikuwa fupi: mwacheni atende mema, maadamu ngome zetu mbili, Wartburg na Neuenburg, bado zipo.

Wengi wenu mmewahi kusikia kisa cha mikate iliyogeuka kuwa maua ya waridi ndani ya nguo yake. Kisa hicho hakimo katika ushahidi wa wale wanawake wanne; kilikuja baadaye. Nami sikihitaji, kwa sababu ushahidi wao una jambo ambalo kwa mtu wa miradi ni kubwa zaidi ya maua. Mavuno mapya yalipokaribia, Elisabeth aliwapa wote wenye nguvu za kufanya kazi mashati, viatu na miundu. Viatu vilikuwa ili mabua yasiwachome miguu shambani. Miundu ilikuwa ili wavune wapate chakula chao wenyewe. Wasioweza kazi aliendelea kuwalisha na kuwavisha.

Niliposoma habari hiyo niliona aibu. Baada ya ukame wa mwaka 2005 nilikuwa kijana mgeni kazini, nikisimamia ugawaji wa mahindi ya msaada katika vijiji vyetu. Orodha zangu zilikuwa safi, sahihi za dole gumba zote zipo, magunia yamehesabika. Kisha mvua zikanyesha. Watu walikuwa na mahindi ya kula ya majuma mawili, lakini hawakuwa na mbegu, na wengine walikuwa wameshauza jembe la kukokotwa na ng'ombe ili wanusurike. Wakapanda yale yale mahindi ya msaada. Mengi hayakuota. Katika taarifa niliandika kwamba lengo limefikiwa, na kwa kipimo tulichojiwekea lilikuwa limefikiwa kweli. Mama wa miaka 19, bila ya andiko la mradi, alikuwa amefikiria miguu ya wavunaji.

Chakula kimetoka wapi?

Sasa nafika mahali ambapo somo hili linabana.

Wakati mumewe akiwa hai, Elisabeth aliweka ahadi mbele ya padre muungamishi wake, Konrad wa Marburg: hatakula chochote kilichopatikana kwa kuwadhulumu watu. Watawala wa wakati ule walikula kutokana na kodi na vitu vilivyotwaliwa kwa nguvu kwa wakulima. Basi mezani, pale pale ngomeni, yeye na wanawake wake waliuliza habari ya kila chombo. Nyama hii imetoka shamba la nani? Divai hii ni ya mashamba halali ya bwana, au ni ya kunyang'anya? Ikiwa chakula ni halali na kinywaji si halali, alitangaza kwamba leo tutakula tu. Ikiwa kinyume chake, leo tutakunywa tu. Vyote vikiwa halali alipiga makofi kwa furaha kama mtoto. Siku nyingine aliketi katika karamu ya watu mamia akamega mega mkate ili ionekane kana kwamba anakula, kisha akaondoka na njaa.

Ludwig hakumzuia. Alisema angefanya hivyo hivyo kama asingeogopa maneno ya watu wa nyumba yake. Namwelewa sana Ludwig.

Ndugu zangu wa kamati, tunahesabu sadaka kila Jumapili. Tunahesabu kwa uangalifu, watu watatu, kwa kalamu ya wino. Katika miaka yote niliyokaa kwenye vikao sijawahi kusikia mtu akiuliza kuhusu gunia lililoletwa siku ya mavuno: shamba hili ni la nani?

Shemeji

Mwaka 1227 Ludwig aliondoka kwenda vita vya msalaba. Hakufika. Alikufa kwa homa huko Otranto, kusini mwa Italia, tarehe 11 Septemba. Mwisho wa mwezi huo huo Elisabeth alimzaa Gertrud, mtoto asiyemwona baba yake. Habari za msiba zilipomfikia alikimbia ovyo ndani ya nyumba, akilia kama mtu aliyerukwa na akili, hata ukuta ukamzuia.

Mrithi alikuwa Hermann, mwenye miaka mitano. Kwa hiyo mdogo wa marehemu, Heinrich Raspe, alishika utawala kwa niaba ya mtoto. Majira ya baridi yale yale mjane akawa nje ya ngome. Wanahistoria wanabishana kama alifukuzwa kwa nguvu, au kama alizuiliwa mapato ya mashamba aliyotengewa kama mjane, akabaki na meza ya shemeji ambayo kwa ile ahadi yake hakuweza kula. Kwangu tofauti ni ndogo. Wanawake wa huku kwetu wanaojua namna ambavyo mtu anaweza kufukuzwa bila kuambiwa toka watanielewa.

Usiku wa kwanza alilala Eisenach, kwenye banda la nyumba ya pombe ambalo lilikuwa limetumika kuwekea nguruwe. Alfajiri alikwenda kwa watawa wa Fransisko akawaomba waimbe wimbo wa shukrani. Watoto wakaletwa kwake katika baridi ile. Watu wa mji, wale aliowalisha mwaka uliotangulia, waliogopa kumpokea. Siku moja alikuwa akivuka njia ya matope kwa kukanyaga mawe, akakutana na bibi mmoja ambaye alikuwa amemtibu na kumlisha. Yule bibi hakumpisha; alimsukuma akaanguka kwenye tope. Elisabeth aliinuka akicheka, akaenda kufua nguo. Wafadhili wetu wanapouliza kama walengwa wanatoa shukrani, huwa nakumbuka kisa hiki.

Baadaye alipelekwa kwa mjomba wake, askofu wa Bamberg, ambaye alitaka kumwoza tena haraka. Elisabeth alikataa. Alisema wazi kwamba akilazimishwa ataikata pua yake mwenyewe ili asitamaniwe na mtu. Mifupa ya Ludwig iliporudishwa, wapiganaji waliokuja nayo walisimama upande wa mjane, na mwishowe shauri likatengenezwa: alipewa mark 2,000 za fedha na matumizi ya mali kule Marburg kwa muda wa uhai wake.

Angalieni ilivyokuwa. Hakuipata haki yake kwa kuwa mtakatifu. Aliipata kwa kuwa palikuwa na watu wenye nguvu waliokubali kugombana na Heinrich Raspe kwa ajili yake.

Huku kwetu

Simiyu imekuwa mkoa tangu mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Ni katika Shinyanga hiyo ambapo wajane wawili wa Kisukuma walifiwa na waume zao, wakatolewa katika nyumba zao pamoja na watoto na ndugu za waume. Hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikasema mila haziwezi kubadilishwa kwa amri ya mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ililiondoa shauri kwa kasoro ya kiutaratibu. Walikwenda mbele zaidi, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kwamba walidhulumiwa, ikaitaka nchi yetu iwalipe fidia na kurekebisha kanuni hizo. Wajane wawili, na safari ndefu kama hiyo, kwa ajili ya nyumba.

Mpaka hapo ni habari za wengine. Hatuna budi kusema na zetu.

Mwaka 2008 alifariki ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa. Kikao cha ukoo kilikaa siku ya kuondoa matanga, chini ya mwembe. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nilipewa kalamu niandike muhtasari. Ng'ombe 11, plau moja, ekari sita zilizokuwa zikilimwa pamba na mahindi: vyote viliwekwa chini ya kaka wa marehemu. Shemeji yangu, mke wa marehemu, aliambiwa achague kurithiwa na mdogo wa mumewe au kurudi kwao. Alikuwa na mabinti watatu. Hakuna aliyepiga kelele. Mambo yalikwenda kwa adabu kabisa. Niliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, nikausoma muhtasari kwa sauti, nikamshikia kidole aweke dole gumba. Alikuwa anajua kusoma na kuandika. Hakuna aliyemwuliza, na mimi sikukumbuka.

Alirudi kwao. Mwaka uliofuata, katika sikukuu ya mavuno, magunia matatu ya mahindi ya shamba lile yaliletwa mbele ya madhabahu. Vigelegele vilipigwa. Baada ya ibada mnada ulifanyika kama kawaida yetu, nami nikanunua debe moja kwa bei ya juu, ili kulitia kanisa nguvu. Tulikula ugali wake nyumbani kwangu.

Siandiki haya ili kulaumu ukoo wangu au mila za Wasukuma. Mila zetu zilijua kumtunza mjane wakati ardhi ilikuwa tele na neno la mzee lilikuwa na uzito. Siku hizi pamba na choroko vimeipa ekari bei, na wote tunajua kilichowapata vikongwe katika kanda hii: mama anaitwa mchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, anauawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma lilikuwepo shamba. Kijiji hakikuanzia kwenye panga. Kilianzia kwenye vikao kama kile nilichokiandikia muhtasari.

Marburg

Turudi kwa Elisabeth, maana kuna upande wa maisha yake ambao sisifii.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1228, katika kanisa la watawa wa Fransisko mjini Eisenach, aliweka mikono juu ya madhabahu akaachana na fahari, na mapenzi yake mwenyewe, na pia na watoto wake. Hermann na Sophie walilelewa kwingine, na Gertrud akapelekwa katika nyumba ya watawa ya Altenberg kabla ya kufikisha miaka miwili. Wapo wanaosema alitaka kuwalinda na kwamba mrithi wa nchi asingeweza kukulia hospitalini. Huenda. Lakini mimi ni mzazi, na kila nikifika hapo nasimama. Konrad, muungamishi wake, alikuwa mtu mkali kupita kiasi; alimpiga fimbo, na aliwaondoa wale wanawake aliokuwa nao karibu ili asiwe na mtu wa kumfariji. Utii wa namna ile kanisa halipaswi kumfundisha mwanamke yeyote. Tunamkumbuka Elisabeth, Konrad hatuna haja ya kumfuata.

Kwa fedha yake alijenga hospitali Marburg mwaka 1228, akaipa jina la Fransisko wa Asizi, aliyetangazwa mtakatifu mwaka ule ule. Hakuwa mkuu wa hospitali wa kupita na kusalimu. Aliosha wagonjwa, alitandika vitanda, alihudumia wenye ukoma. Alikuwepo mtoto aliyepooza, mwenye kuhara damu, ambaye Elisabeth alimlaza karibu naye. Wakati mwingine alimbeba kumpeleka haja mara sita usiku mmoja, na matandiko yake aliyafua mwenyewe. Jikoni inasemekana hakuwa hodari. Kwa kujipatia riziki alisokota sufu ya watawa wa Altenberg kwa malipo.

Siku moja aligawa mark 500 kwa mkutano mkubwa wa maskini. Ilitangazwa kwamba atakayehama mahali pake ili apokee mara mbili atakatwa nywele. Alikamatwa msichana mwenye nywele ndefu nzuri, akakatwa, na baadaye ikafahamika kwamba hakuwa katika mgao hata kidogo. Alikuja kumwona dada yake mgonjwa. Yeyote aliyewahi kusimamia foleni ya mgao anaijua siku hiyo. Jioni ile Elisabeth hakuwafukuza watu. Waliobaki walikuwa wagonjwa na dhaifu wasioweza kurudi kwao, akaagiza wapewe fedha tena na mkate, na moto uwashwe. Waliota moto wakaimba. Yule msichana naye baadaye alifanya kazi hospitalini.

Konrad alijaribu kumdhibiti asigawe kila kitu. Alimkataza kumpa mtu zaidi ya sarafu moja. Basi akawa anatoa sarafu moja moja, mara nyingi. Akakatazwa fedha, akatoa mikate. Akakatazwa mikate mizima, akatoa vipande. Wahasibu wetu wanacheka nikiwasimulia, lakini si cheko la raha. Na kusema kweli hapa nasimama katikati: mali ya hospitali ikitolewa yote leo, mgonjwa wa kesho atalala wapi?

Alifariki mwaka 1231, na mwaka 1235, siku ya Pentekoste, Papa Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu. Hermann mwanawe alikufa kijana mwaka 1241. Heinrich Raspe naye alikufa mwaka 1247 bila mtoto. Ndipo Sophie, yule binti wa mjane aliyekwenda kulala bandani, alipodai urithi kwa ajili ya mwanawe mdogo. Alipigania miaka mingi, na mwaka 1264 alibaki na sehemu ya nchi, ndiyo Hesse. Karne tatu baadaye mtawala wa Hesse aliyeyashika Matengenezo ya Kanisa, Philipp, alikuwa wa uzao wao. Ndiye aliyeanzisha chuo kikuu cha Marburg mwaka 1527, na ndiye aliyeamuru mwaka 1539 mifupa ya bibi yake Elisabeth iondolewe kanisani ili hija zikome. Na huyo huyo aligeuza nyumba za watawa za Haina na Merxhausen kuwa hospitali za maskini wa vijijini.

Kazi ya robo hii

Kamati zinaombwa kulisoma somo hili pamoja na Kutoka 22, Luka 18 na Yakobo 1, kisha zizungumze bila haraka. Katika mtaa wenu wako wajane wangapi waliofiwa katika miaka mitano iliyopita, na wangapi kati yao bado wanalima shamba lile lile? Msiandike majina katika taarifa; tuleteeni idadi tu. Je, yupo mzee wa kanisa, au mratibu wa mradi, anayelima la mjane? Na siku ya mavuno mtauliza nini?

Yapo mambo ambayo kila mtaa uyafahamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane ana uhuru wa kuishi apendapo, na kuolewa tena au kutoolewa, hata kama mila inasema vingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo hupendekeza tu, na mjane anaweza kupendekezwa. Anayeteuliwa hukusanya mali kwa niaba ya warithi, haiwi yake. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na huduma yao haina malipo. Kwa walio hai na wenye afya: andikeni wosia mbele ya mashahidi, RITA hupokea na kuutunza. Wachungaji wanaombwa kulitaja hilo katika mafundisho ya ndoa, hata kama bwana harusi atakunja uso.

Tunawaomba pia marafiki wanaotuchangia kutoka mbali wavumilie kidogo. Kazi hii haina picha nzuri kama kisima. Nauli ya mjane kwenda mahakamani mara nne, nakala za hati, chakula cha shahidi aliyelala mjini: hizo ndizo gharama zake.

Mwaka jana nilikwenda kumwona shemeji yangu. Anauza michembe kwenye gulio, amepanga chumba. Niliomba radhi, naye akanisikiliza mpaka mwisho huku akipima michembe ya mteja. Kisha akaniuliza kama ule muhtasari bado upo. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, nao ulikuwa umeshapita, nikamweleza hivyo. Alisema analijua hilo. Binti yake mkubwa ameshauliza kwa msaidizi wa kisheria. Ila binti anataka karatasi yenyewe. Niliitafuta siku tatu katika makaratasi ya marehemu baba, nikaipata, nikaipeleka kwa binti mkononi, pamoja na maelezo yangu ya maandishi kuhusu siku ile na namna lile dole gumba lilivyopatikana.